DANTEUM: JENGO LILILOBAKI KATIKA KARATASI

Wasomaji wa gazeti letu watanisamehe nikianza kwa kuungama kosa. Muhula uliopita nalifundisha Kidato cha Tatu somo la uwiano. Kwa kuwa niliona vijana wamechoka na mifano ya mashamba na matangi ya maji, niliwaletea ramani ya jengo moja la Roma. Niliichora ubaoni kwa chaki: mstatili, miraba, na duara ndogo ndogo za nguzo. Somo lilikwenda vizuri. Nilipokuwa nikifuta ubao, msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na kile chumba kirefu chembamba kama njia, ni cha nini? Mbona hukukitaja?"

Nilimjibu kwamba wakati umekwisha. Ni kweli, kengele ilikuwa imelia, lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kuwa nalilijua jibu, na jibu lile lingaliharibu somo langu zuri. Makala haya ni kulipa deni lile. Nitaeleza jengo zima, pamoja na chumba nilichokiruka, na mwenye kusoma atajihukumia mwenyewe.

Jengo lenyewe laitwa Danteum. Usilitafute ukifika Roma, maana halipo. Lilichorwa mwaka 1938, likakubaliwa na mtawala wa nchi, kisha halikujengwa hata jiwe moja.

DANTE NI NANI?

Dante Alighieri alizaliwa Firenze, katika Italia, mwaka 1265. Alikuwa mshairi, na alikuwa pia mtu wa siasa katika mji uliogawanyika kwa vyama. Mwaka 1301 chama cha maadui zake kilishika mji. Dante akahukumiwa kufukuzwa, na baadaye akahukumiwa kuchomwa moto iwapo atakamatwa. Hakurudi kwao tena. Aliishi kwa hisani ya watu, mji huu na mji ule, hata akafa Ravenna mwaka 1321. Mwaka 1315 watu wa Firenze walikuwa tayari kuwasamehe waliofukuzwa, kwa sharti la kujinyenyekeza hadharani. Dante alikataa. Aliona afadhali kukaa ugenini kuliko kuingia mlango wa kwao huku ameinama kwa kosa ambalo hakulitenda.

Katika miaka hiyo ya ugeni aliandika utenzi mrefu uitwao Divina Commedia. Wasomi wengi wa siku zake waliandika mambo makubwa kwa Kilatini. Dante aliandika utenzi huu kwa lugha iliyosemwa na watu wa kwao, hata mwanamke sokoni aliweza kuielewa. Kwa ajili hiyo Waitalia humhesabu kuwa baba wa lugha yao. Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili twajua uzito wa jambo hilo.

Habari ya utenzi ni safari. Mtu mwenye umri wa miaka 35 amepotea katika msitu wa giza. Anashuka Jahanamu, anapanda mlima wa Toharani, na mwisho anafika Peponi. Kila safari ni sehemu moja ya kitabu. Sehemu ya kwanza ina nyimbo 34, ya pili 33, na ya tatu 33. Jumlisha, utapata 100 kamili. Wimbo mmoja wa mwanzo ni kama kizingiti cha nyumba. Ukiuondoa huo, kila sehemu inabaki na 33.

Ubeti wake una mistari mitatu, na kila mstari kwa kawaida una mizani 11. Mstari wa kwanza na wa tatu una kina kimoja. Kina cha mstari wa katikati ndicho kinachochukuliwa na ubeti unaofuata, kwa mstari wake wa kwanza na wa tatu. Hivyo beti zimeshikana kama pete za mnyororo. Utenzi wetu una mizani 8 na kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Huu wa Dante kina chake hutembea. Lakini mtunzi wa pwani yetu angemtambua mara moja kuwa ni mwenzake katika kazi, kwa maana hesabu ya mizani na vina haikumponyoka hata mara moja.

Nimesema maneno haya kuhusu hesabu kwa sababu bila hayo jengo halieleweki.

SHAURI LA KUJENGA

Mwaka 1938 Rino Valdameri, aliyekuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha Brera katika mji wa Milano, alipeleka kwa Benito Mussolini shauri la kumjengea Dante jengo la ukumbusho katika Roma. Wasanifu wake walikuwa wawili, Pietro Lingeri na Giuseppe Terragni. Terragni ndiye anayetajwa zaidi. Alizaliwa mwaka 1904, akafanya kazi zake nyingi katika mji wa Como, na mwaka 1938 alikuwa kijana wa miaka 34 tu, naye tayari ana sifa kubwa.

Mahali palipochaguliwa palikuwa katikati ya Roma, kando ya barabara pana ambayo Mussolini aliifungua mwaka 1932 baada ya kubomoa nyumba nyingi za watu. Barabara hiyo yatoka uwanja wa Venezia mpaka Koloseo. Upande wa pili wa barabara yasimama magofu ya Basilika ya Maxentius, jumba kubwa la karne ya 4. Terragni alipima jumba lile, akaufanya upande mrefu wa jengo lake uwe sawa na upande mfupi wa Basilika. Hivyo jengo jipya lingekuwa limefungamana na la kale kwa kipimo, ingawa halikuiga hata tao moja.

Ndani yake palikusudiwa pawe na maktaba ya vitabu vya Dante na vya wale waliomchambua. Lakini kazi kubwa ya jengo ilikuwa nyingine. Terragni hakutaka kuweka sanamu ya mshairi ameshika kitabu, kama tuonavyo mahali pengi. Alitaka utenzi wenyewe uwe jengo. Mtu atakayeingia asisome habari ya safari, bali aitembee.

SAFARI YA NDANI

Sasa nifuate, tuingie kwa mawazo.

Mlango hauonekani kutoka barabarani. Umefichwa nyuma ya ukuta mrefu, na mgeni hupita katika uchochoro kati ya kuta mbili. Akitokea, yumo katika ua mtupu usio na paa. Terragni alieleza kwamba eneo hilo limepotezwa kwa makusudi, kama miaka ya Dante iliyopita katika upotevu kabla ya safari kuanza.

Kando ya ua pana ukumbi wenye nguzo 100 za marumaru, zimepangwa safu 10 kwa 10. Zimekaribiana sana, mtu hapiti bila kupinda huku na huku. Huo ndio msitu wa giza, na hizo ndizo nyimbo 100 za utenzi. Hapa niliwauliza wanafunzi: kwa nini 100 ifae kuwa mraba? Walijibu vema, nami sina haja ya kurudia.

Kutoka msituni mgeni hupanda kidogo na kuingia chumba cha Jahanamu. Humo mna nguzo saba, na kila nguzo hubeba kipande kimoja cha dari chenye umbo la mraba. Miraba hiyo saba hailingani. Ule wa kwanza ni mkubwa, wa pili mdogo wake, wa tatu mdogo zaidi, nayo yote huzunguka kama konokono mpaka kituo cha mwisho. Nguzo nazo hutofautiana kwa unene, kwa kadiri ya mzigo wake. Sakafu inashuka vipande vipande, na dari imepasuka vipande vile vile. Mwanga ni haba. Mtu akisimama pale angeona kama nyumba inataka kumwangukia.

Chumba cha pili ni Toharani. Kina miraba saba tena, kwa kuwa mlima wa Dante una ngazi saba za kutakasa dhambi saba. Lakini hapa sakafu inainuka badala ya kushuka, na mahali palipokuwa na dari zito pana matundu ya miraba yanayoonyesha anga. Mzunguko ni ule ule, mwanga umebadilika.

Chumba cha tatu kipo juu zaidi, nacho ni Pepo. Kina nguzo 33 za kioo, zinazobeba fremu nyepesi iliyo wazi kwa mbingu. Nguzo zipo, lakini jicho linapita ndani yake. Terragni alichora picha za vyumba hivi kwa rangi ya maji, na picha hizo zipo mpaka leo. Ukiutazama mchoro wa Pepo, huwezi kusema kwa hakika nguzo zinaishia wapi na anga linaanzia wapi.

HESABU YA MIRABA

Wanafunzi wasiopenda hesabu wavumilie kidogo. Miraba ile saba haikupunguzwa kwa kubahatisha. Ilifuata uwiano wa dhahabu, ambao ni kama 1 kwa 1.618, na mstatili wote wa jengo ulifuata uwiano huo huo.

Chukua karatasi, rula na bikari. Chora mraba wenye upande wa sentimeta 10. Tafuta nusu ya upande wa chini. Weka ncha ya bikari hapo, ifungue mpaka ifike pembe ya juu ya mkono wa kulia. Utapata sentimeta 11.18, kwa kanuni ya Pythagoras. Zungusha bikari mpaka ikate mstari wa chini ulioendelezwa upande wa kulia. Jumla ya mstari wa chini sasa ni 5 na 11.18, yaani sentimeta 16.18. Kamilisha mstatili. Huo ndio mstatili wa dhahabu.

Ajabu yake ni hii. Ukiutoa ule mraba wa 10, mstatili mdogo unaobaki nao ni wa dhahabu. Toa mraba wa 6.18 kutoka humo, kitakachobaki ni cha dhahabu tena. Endelea, utapata miraba ya 3.82, 2.36, 1.46, 0.90 na 0.56. Miraba saba kamili, nayo inajipanga yenyewe katika mzunguko. Kazi hii haina mwisho, ila penseli yako itashindwa. Terragni aliona kwamba safari ya Jahanamu, inayozunguka na kubana kila hatua, ina umbo hilo hilo.

Hapo ndipo nilipofuta ubao.

CHUMBA NILICHOKIRUKA

Chumba kile kirefu chembamba kiliwekwa wakfu kwa Dola. Mtu aliyetoka Peponi angekitazama kama mwisho wa habari yote. Nacho hakina njia ya kutokea mbele.

Dola gani? Dante aliwahi kuandika kitabu cha Kilatini juu ya utawala, akisema kwamba watu watapata amani endapo mfalme mmoja mwadilifu atakuwa juu ya wafalme wote. Alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao kwa vita vya vyama, na alitamani amani. Wafashisti walilichukua neno lake wakalivika vazi lao. Mei 1936 Mussolini alikuwa ametangaza kwamba Italia imekuwa dola tena. Alitangaza hayo baada ya jeshi lake kuivamia Ethiopia Oktoba 1935, na kuwashinda watu wake kwa mizinga, kwa ndege, na kwa hewa ya sumu iliyomwagwa juu ya askari na wanavijiji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chumba kile kilihusu bara letu. Katika barabara ile ile, kwenye ukuta wa Basilika, zilikuwa zimebandikwa ramani za marumaru zikionyesha Dola ya Roma ya kale ilivyokua. Mwaka 1936 iliongezwa ramani ya tano, ya dola ya Mussolini, na Ethiopia imo. Mwaka 1937 nguzo ya mawe ya Aksum, yenye urefu wa mita 24 hivi, iliyochongwa yapata miaka 1,700 iliyopita, ilichukuliwa Ethiopia ikasimamishwa Roma. Na mwaka 1938, mwaka wa Danteum, Italia ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Ramani niliyoichora ubaoni kwa furaha ilitoka katika meza moja na mambo hayo. Terragni mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama kile, na jengo lake lenye sifa kuliko yote, lililoko Como, lilijengwa liwe ofisi ya chama.

MWISHO WA SHAURI

Mussolini alilikubali shauri la Danteum. Lakini Juni 1940 Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili, na ujenzi ukakoma kabla ya kuanza. Katika mwaka 1941 majeshi ya Waingereza, wakiwamo askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipigana bega kwa bega na Waethiopia, na Mei mwaka huo Mfalme Haile Selassie akarudi Addis Ababa. Dola ile ilidumu miaka mitano tu. Terragni alipelekwa vitani Urusi, akarudi mgonjwa wa mwili na akili, akafa Como tarehe 19 Julai 1943, naye hajatimiza miaka 40. Siku sita baadaye Mussolini akaangushwa.

Ramani ya tano iliondolewa ukutani. Nguzo ya Aksum ilikawia sana. Mkataba wa amani wa mwaka 1947 uliagiza irudishwe, lakini ilirudi mwaka 2005, ikasimamishwa tena kwao mwaka 2008. Nao mateka wa Kiitalia waliofungwa Kenya, wakifanya kazi ya barabara ya kushuka Bonde la Ufa, walijenga kikanisa kidogo karibu na Mai Mahiu mwaka 1942. Kikanisa hicho kipo hadi leo, na wasafiri husimama pale kupumzika. Jumba kubwa la Roma halikupata hata msingi. Kibanda cha sala cha wafungwa kikajengwa.

JIBU LANGU

Nilipomweleza yule msichana habari hizi, darasa lote likisikiliza, aliniuliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza. "Basi, Mwalimu, tuufute uwiano ule katika madaftari yetu?"

Nilikaa kimya kitambo. Kisha nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyoamini hata sasa. Usiufute. Uwiano wa dhahabu ulijulikana kwa Wayunani karne nyingi kabla ya Mussolini, naye hawezi kuumiliki. Wazo la kugeuza utenzi kuwa nyumba ni wazo zuri, na wasanifu wa nchi nyingi wamelisoma na kujifunza kwalo ingawa halikusimama. Lakini usikiruke chumba cha mwisho kama nilivyokiruka mimi. Mtu akikuonyesha jengo zuri, msifu fundi, kisha uliza: nani alilipa, nani alibomolewa nyumba kulipisha, na jina la nani limewekwa mwisho wa safari?

Dante mwenyewe angeliuliza hayo. Katika Jahanamu yake aliwaweka wakuu waliotumia vibaya vyeo vyao, hata mapapa, na hakuogopa kuwataja. Mtu aliyekataa kuinama ili arudi kwao, nadhani asingefurahi kuona Pepo yake imefanywa ukumbi wa kupitia kwenda kwa mwenye mabavu. Watu wa Firenze walimfukuza hai, kisha katika karne ya 19 wakamjengea kaburi zuri katika kanisa la Santa Croce. Kaburi hilo ni tupu. Mifupa yake ingali Ravenna, kwa watu waliompa mahali pa kulala.

Nimeichora ramani upya, mara hii vyumba vyote vikiwa na majina, nami nimeibandika ukutani katika chumba cha hesabu. Wazazi watakaokuja siku ya shule wanakaribishwa kuitazama. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wako tayari kuwaeleza, na nawaonya mapema wageni wetu: wanauliza maswali.

Mwalimu wa Hisabati